Jina la Kariakoo lilitoka wapi?

SWALI: Mhariri, nimezaliwa Mtaa wa Swahili, Dar es Salaam, na wanangu wananiuliza maana ya jina Kariakoo. Niwajibu nini?

JIBU: Ndugu msomaji, jina hilo limebeba historia nzito kuliko pilikapilika za biashara zinavyodokeza. Waingereza walipoutwaa mji kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, walipiga hapo kambi ya kikosi cha wapagazi, yaani Waafrika waliobebeshwa risasi na vyakula vya majeshi, na ambao maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Kikosi hicho kiliitwa kwa Kiingereza “Carrier Corps”, na wenyeji wakalitamka Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, yenye asili hiyo hiyo.

Wapeleke wanao sokoni wakatazame paa la zege lenye umbo la miavuli, ambalo pia lilikusudiwa kukinga maji ya mvua. Jengo hilo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilisanifiwa na Beda Amuli, miongoni mwa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki. Kwangu mimi ndilo jengo zuri kuliko yote mjini, na moto wa Julai 2021 ulituumiza wengi. Kisha tembeeni hadi Mtaa wa Lumumba, ilipozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954.