Pakiti Yasema Ndengu, Chungu Chasema Choroko

Barua nne za safari hii zote zimetoka mkoa wa Tanga, na zote zinalalamikia mboga iliyokwisha kufungwa. Sokoni Mgandini mnunuzi hugusa, hunusa, huvunja ncha ya bamia asikie kama inakatika. Mbele ya pakiti anabaki na jina tu, na majina yetu kila mji una lake.

*Hamjambo wahariri. Nilinunua supamaketi pakiti ya nusu kilo iliyoandikwa “Ndengu”. Nikajua ni dengu, wamekosea tu kuandika. Pakiti yenyewe ina picha, ndani hapaonekani. Nikaziloweka usiku kucha nipike za nazi. Asubuhi nakuta punje za kijani, zimeumuka na maganda yamepasuka. Nimeuziwa nini? – Mama wa wanne, Ngamiani*

Hatujambo, mama. Umeuziwa choroko, na aliyeandika lebo hakukosea. Kenya, hasa bara, choroko huitwa ndengu. Ukifika Mombasa ni pojo, na Unguja utasikia chooko. Bidhaa za Kenya huvuka Horohoro zikiwa na lebo zake zilezile, kwa hiyo neno lililoandikwa kwa mteja wa Nairobi limesomwa na mteja wa Ngamiani. Herufi moja imebadilisha mboga nzima.

Dengu tunazozijua huku ni kubwa kuliko choroko, za kahawia au rangi ya maziwa yaliyoiva, zina mikunjo na kincha kidogo mbele kama mdomo wa kifaranga. Choroko ni ndogo, laini, zina kijistari cheupe ubavuni. Adesi ni bapa kama vifungo vya shati. Pakiti isiyoonyesha ndani itikise: dengu hugonga kwa sauti nzito kidogo, choroko humwagika kama mchanga. Na kama nyuma kuna jina la kisayansi, hilo halina Unguja wala Nairobi: *Vigna radiata* ni choroko, *Cicer arietinum* ni dengu, *Lens culinaris* ni adesi.

Kosa la jina huishia kwenye moto. Dengu zinataka kulowekwa saa 8 hadi 12, kisha zichemke saa moja hadi saa moja na nusu. Choroko hazihitaji kulowekwa; dakika 30 hadi 40 zimeiva. Adesi nyekundu zilizomenywa, dakika 15 hadi 20 tu, ukizidisha ni uji. Choroko ulizokwisha kuziloweka usizitupe. Zichuje, maji mapya yazipite vidole viwili, na anza kuzionja baada ya dakika 15.

Za nazi kwa nusu kilo: nazi moja kubwa, utoe tui zito kikombe kimoja na tui jepesi vikombe viwili. Choroko zikishaiva, tia kitunguu, nyanya na tui jepesi, ziache zichemke. Tui zito liingie mwisho, moto mdogo, huku unakoroga upande mmoja. Likichemka kwa nguvu hukatika, ukaona mafuta juu na maji chini. Ukwaju au ndimu nao ni wa mwisho. Asidi huzuia ganda na nyama ya punje kulainika, ndiyo maana wengine hupika dengu mpaka gesi inaisha na bado zinagoma. Ukitia magadi zitalainika upesi, kweli, lakini vitamini B1 inaharibika na ladha inakuwa ya sabuni. Sisi hatuyashauri.

*Nina duka dogo na friji ya vioo. Nafunga mchicha, matembele na kisamvu cha kutwanga kwenye mifuko ya nailoni ili nifanane na supamaketi. Nikifunga asubuhi, jioni ndani kuna majimaji, majani yanateleza na yananuka. Friji ni nzima. Nakosea wapi? Na hii mifuko inaruhusiwa? – Mwenye duka, Chumbageni*

Friji haina kosa, ndugu yetu. Jani lililochumwa bado linapumua: linavuta oksijeni, linatoa hewa ya kaboni, mvuke na joto. Ukilifungia kwenye nailoni isiyo na tundu, mvuke unagonga ukuta wa mfuko na kuwa matone. Matone yanarudi juu ya majani, na bakteria wa kuozesha hawataki zaidi ya hapo. Oksijeni ikiisha, jani linaanza kuchacha. Ile harufu ya pombe iliyolala ndiyo hiyo.

Joto la Tanga nalo linachochea. Kila nyuzi 10 zinapopanda, upumuaji wa mboga huongezeka mara mbili hadi tatu. Mchicha uliofungwa saa tano ukiwa na joto la jua utatoa jasho hata ukiingia kwenye friji, tena zaidi, kwa sababu ukuta wa mfuko unapoa kabla ya majani.

Kwa hiyo anza kabla ya mfuko. Pokea mboga alfajiri. Itandaze kivulini juu ya chekeche au meza ya fito, uifunike na gunia la katani lililoloweshwa na kukamuliwa, saa moja au mbili. Maji yanapokauka kwenye gunia yanavuta joto. Ng’oa majani ya manjano na yaliyopondeka, maana jani moja bovu huambukiza fungu zima. Usioshe. Kama matope yanakulazimisha kuosha, kung’uta na uache majani yakauke kabisa. Ile tabia ya kunyunyizia maji ili mboga ing’ae ni ya mboga iliyo wazi mezani. Ndani ya mfuko ni kuipikia uozo.

Mfuko wa robo kilo uwe na matundu 8 hadi 12 ya milimita 5 au 6. Huhitaji mashine: kunja mfuko mara mbili na uutoboe kwa panchi ya karatasi ya ofisini, kila pigo linatoa matundu kadhaa. Yasambaze, na mengine yawe chini ili maji yatoke. Usishindilie, ukiukamata mfuko usikie majani yana nafasi. Upange wima, usibebane. Na usiuweke jirani na ndizi mbivu, parachichi, papai au nyanya: matunda hayo hutoa gesi ya ethilini, nayo hugeuza majani na matango kuwa manjano.

Kisamvu ni habari nyingine. Kikishatwangwa hakifai kuuzwa kwenye friji ya kawaida, kwa sababu utomvu uko nje, kinapata joto chenyewe na kuchacha. Kitwange, kifunge bapa kama kitabu chembamba ili kigande haraka, kiingie kwenye friza siku hiyohiyo. Andika waziwazi: *Kibichi, kipikwe*. Majani ya muhogo yana sianidi, ambayo ni sumu. Kutwanga huifungua, na kuchemsha bila mfuniko huiruhusu itoke na mvuke. Wanaokijua hawahitaji kuambiwa. Pakiti lakini inaweza kununuliwa na mtu asiyekijua, akakikaanga dakika tano kama spinachi.

Kuhusu sheria: tangu tarehe 1 Juni 2019 kilichopigwa marufuku Tanzania ni mfuko wa plastiki wa kubebea, yale marambo ya zamani. Vifungashio vya vyakula na mazao havikuguswa na katazo hilo. Kosa linaanza pale kifungashio kinapopewa kazi ya rambo, mteja akatiliwa humo sukari, nyanya na sabuni aende navyo nyumbani. Unene na maandishi yanayotakiwa kwenye kifungashio waulize Shirika la Viwango (TBS) kabla ya kununua robota zima.

*Asalaam aleikum. Nimehamia hapa kutoka Pemba. Sokoni nikisema tungule, mbatata, kotmiri au pilipili boga naeleweka. Supamaketi hayo majina siyaoni, na mtu wa kumuuliza hayupo. Halafu nimenunua pilipili hoho, haiwashi hata kidogo! – Mgeni, Makorora*

Waaleikum salaam. Tungule zako zitafute kwa jina la nyanya, mbatata ni viazi mviringo (wengine viazi ulaya, na Kenya waru), kotmiri ni giligilani. Hapo angalia: huko visiwani gilgilani ni zile mbegu au unga wake, huku bara jina moja linabeba mbegu na majani, na pakiti ya Kenya itaandika dania. Majimbi yako yataandikwa magimbi, au nduma yakitokea Kenya. Njugu ni karanga.

Pilipili hoho ndiyo yenye mtego. Kamusi za zamani zinaitaja kuwa pilipili kali. Leo Dar es Salaam, na kwenye lebo, hoho ni lile pilipili nene la mboga, yaani pilipili boga lako. Unayotaka ikuwashe itafute kwa jina la pilipili mbuzi au pilipili kichaa.

Lebo za Kiingereza usizionee wivu, nazo zina vijiji vyake. Biringanya moja ni *aubergine* Uingereza, *eggplant* Marekani, *brinjal* Afrika Kusini na India. Na ukiona “tufaha” yenye stika, hiyo ni epo ya kutoka nje. Tufaa la pwani, lile jekundu la maji mengi, ni tunda la mti mwingine kabisa. Namba nne kwenye stika, kama 4011 ya ndizi, ni za mtu wa kaunta kupigia bei. Zikiwa tano na zinaanza na 9, tunda limelimwa bila kemikali za viwandani.

*Sisi ni kikundi cha wakulima Lushoto. Tunataka kufunga viazi, karoti na njegere kwa supamaketi za Tanga na Dar. Majaribio ya kwanza, viazi vimegeuka kijani dukani ndani ya wiki, na pakiti za karoti zimerudishwa eti uzito haufiki, wakati tulipima sawasawa. Kwenye lebo tuandike jina gani? – Kikundi, Lushoto*

Viazi vimeona mwanga. Taa za duka zinatosha. Kijani chenyewe hakina sumu, lakini kinakuja pamoja na solanini, ambayo ni chungu na ina sumu, na kupika hakuiondoi. Acheni nailoni angavu. Tumieni mfuko wa karatasi nene, au wavu wenye karatasi upande wa mbele. Viazi visioshwe, vipigwe brashi vikiwa vikavu. Mwambieni mwenye duka asiviweke kwenye friji: chini ya nyuzi 4 wanga hugeuka sukari, na chipsi zinatoka nyeusi.

Karoti mlipima sawasawa, kisha zikakauka njiani. Kateni majani yote siku ya kung’oa, maana yanaendelea kunyonya maji ya mzizi. Ziosheni, zichuruzike, zifungwe na matundu machache kuliko ya mchicha, manne au sita. Pakiti ya gramu 500 ifungeni na gramu 515 hadi 520 za karoti tupu, bila mfuko wala sahani. Iteni lumbesa ya halali, ndogo isiyomuumiza mtu. Mizani iwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huohuo, vinginevyo ubishi mmeshaupoteza kabla ya kuanza. Njegere zikimenywa hupoteza utamu kwa saa, sukari inageuka wanga. Menyeni asubuhi ya safari, au zifungeni na maganda yake.

Jina: kubwa liwe la pale mnapouzia, na chini yake kwa herufi ndogo lile la jirani. “Njegere”, kisha “minji” kwa ajili ya Mkenya. “Viazi mviringo”, kisha “mbatata”. Msirundike manne, mteja husoma mawili, zaidi ya hapo hutazama bei. Wekeni jina la kisayansi, uzito halisi, tarehe ya kufungwa, mahali palipolimwa, na mstari mmoja wa namna ya kuhifadhi.

Neno “Lushoto” liandikeni kwa herufi za kuonekana, msitegemee msimbo wa mistari. Msimbo unaoanza na 620 maana yake namba ilisajiliwa Tanzania, na 616 Kenya. Shamba hauutaji. Karoti za Lushoto zikifungwa Nairobi zitasoma 616, na mteja wa Chumbageni atadhani anakula za huko.