Maswali na majibu: zege, nondo na hizo rangi zenu

Nondo zinachungulia chini ya balkoni, nipake rangi gani? (Jinja)

Hili swali linarudi kila mara na jibu halibadiliki, hakuna rangi ya hapo. Kutu inavimba, inachukua nafasi mara mbili na zaidi ya chuma chenyewe, ndo maana zege linapasuka, ukipaka rangi umeficha tu. Chonga zege bovu mpaka nyuma ya nondo, sugua chuma king'ae, kama kimeliwa sana ita injinia kwanza, ziba kwa mota ya ukarabati, rangi ndo ya mwisho. Na watoto wasicheze chini ya hiyo balkoni.

Tunajenga Entebbe karibu na ziwa, chumvi haitakula nondo?

Victoria ni maji baridi jamani, chumvi gani? Ogopa hewa ya ukaa. Zege jipya lina pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 12 hadi 13 na humo nondo haishiki kutu, lakini hiyo hewa inapenya polepole inaishusha mpaka chini ya 9, ikifika kwenye nondo na unyevu upo, kutu inaanza. Rangi ya akriliki ya kuzuia hewa ya ukaa inasaidia kweli, chagua inayoruhusu mvuke kutoka. Ila fundi akilaza nondo juu ya mbao bila vibiskuti (vipande vya zege vya kuinua nondo), ukabaki na milimita 5 za zege pale palipotakiwa 25 au 40, hakuna ndoo ya rangi itakayofidia, kwa hiyo nenda na futi yako ukapime KABLA hawajamwaga. Jengo la zamani? Chonga kidogo, nyunyizia fenolftalini (dawa ya kupimia pH): ikigeuka pinki zege bado zima, isipogeuka rangi hewa imeshafika hapo.

Niko Katwe, naweza kuchanganyia zege maji ya ziwa?

Hapana! Ziwa Katwe ni la chumvi, hapo ndo kuna chumvi yenyewe, na inatoboa nondo hata pH ikiwa juu. Ikishaingia ndani hakuna rangi ya kuitoa.

Rangi ya epoksi (ile ngumu isiyopitisha maji) kwenye ukuta unaonyonya maji kutoka chini?

Itavimba ibanduke. Zuia maji kwanza.

Fundi anapaka nondo oili chafu eti zisishike kutu.

Msimamishe leo. Zege halishikani na nondo yenye oili, na bimu inategemea huko kushikana. Kutu nyepesi ya juu haina shida, ya magamba ndo ipigwe brashi ya waya.