Re: Prosesa inafika digrii 95 na mashine inapozwa kwa maji

Habari ndugu. Unasema prosesa inapanda hadi digrii 95 dakika chache tu baada ya kufungua gemu, ilhali feni zote zinazunguka. Achana na feni kwanza, anza na pampu. Gemu ikiwa inaendelea, shika mipira yote miwili ya maji: mmoja ukiwa moto sana na mwenzake baridi, maji hayazunguki. Mashine yangu hapa mtaani Umoja ilikuwa hivyo hivyo. Plagi ya pampu ilikuwa imelegea kwenye bodi kuu ya kompyuta. Nilipoikandamiza, joto la prosesa likashuka hadi digrii 68.

Pampu ikiwa sawa, safisha rejeta, yaani ile sehemu yenye mapezi membamba inayopoza maji, maana vumbi letu la kiangazi huiziba kabisa. Halafu ondoa kichwa cha pampu, kile kinachokaa juu ya prosesa. Ile plastiki nyembamba ya kukinga iliyo chini yake uliibandua? Wengi huisahau. Futa pesti kuukuu (ile inayopitisha joto kati ya prosesa na kichwa hicho) kwa spiriti, upake mpya.