"Bail" na "bond" katika mahakama za Kenya

Swali: Hakimu alimwachilia ndugu yangu kwa dhamana ya shilingi 50,000 pesa taslimu au bondi ya shilingi 100,000. Kwa nini viwango vitofautiane na kosa ni lile lile?

Jibu: Kwa sababu "bail" na "bond" ni mambo mawili, ijapokuwa katika mazungumzo yetu yote huitwa dhamana. Katika amri kama hiyo, "bail" ni fedha zinazowekwa mahakamani papo hapo, ilhali "bond" ni ahadi ya maandishi: hakilipwi chochote kwa sasa, bali mshtakiwa, aghalabu pamoja na mdhamini, anajifunga kwamba kiasi kilichotajwa kitalipwa iwapo atakwepa kesi. Ahadi ni dhaifu kuliko fedha zilizokwisha kupokelewa, ndiyo maana kiwango cha bondi kwa kawaida huwa juu.

Swali: Nikimdhamini mtu kwa hati miliki ya shamba, je, shamba linakuwa la serikali?

Jibu: La hasha. Shamba hubaki lako na hati hushikiliwa mpaka kesi iishe. Hata hivyo, mshtakiwa akitoroka, utaitwa ueleze kwa nini usilipe kiasi ulichotilia sahihi, na maelezo yako yasipokubalika, mali yako imo hatarini. Jambo ambalo wadhamini wengi hawaambiwi, nalo ni muhimu mno, ni kwamba ukianza kumshuku uliyemdhamini, sheria inakuruhusu kuiomba mahakama ikuondoe katika udhamini huo kabla hajatoweka.

Swali: Mshtakiwa akipatikana na hatia, pesa taslimu zinapotea?

Jibu: Hazipotei. Fedha hizo ni za kuhakikisha kwamba atafika mahakamani. Si adhabu, wala si faini. Akihudhuria vikao vyote, hurejeshewa aliyeziweka, mshtakiwa awe ameachiliwa au amefungwa, kwa hiyo stakabadhi iandikwe jina la mwenye fedha na itunzwe vizuri.

Swali: Na polisi wanaweza kutoa dhamana?

Jibu: Wanaweza. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa "bond" au "bail", kwa masharti yanayofaa, isipokuwa pawepo sababu nzito za kumzuia. Anaweza kuachiliwa kwa kutia sahihi tu, bila kulipa hata senti. Akitozwa fedha, lazima apewe stakabadhi rasmi.