Maswali ya Wasomaji: Dawa Inafikaje Pale Inapotakiwa?

Barua tatu za mwezi huu, zote kutoka mkoa wa Tanga, zimegusa jambo moja. Wafamasia wetu wanazijibu pamoja.

Asalaam aleikum. Mama yangu ana pumu. Hospitali wamempa pampu ya kuvuta, lakini anadai haimsaidii na anataka vidonge vyake vya salbutamoli, kwani "kidonge kinaingia mwilini, upepo unapotea tu". Nimwambie nini? – Msomaji, Ngamiani

Wa aleikum salaam, dada yetu. Mama hajakosea kabisa: pampu ikitumiwa vibaya, dawa kweli hupotea. Lakini asirudi kwenye vidonge. Kidonge cha miligramu 4 kina dawa mara 40 ya mpulizo mmoja wa pampu, ambao ni mikrogramu 100. Kinahitaji wingi huo kwa sababu kinapita tumboni, kisha kwenye ini, ndipo damu ikisambaze mwili mzima, na mapafu yanaambulia sehemu ndogo. Dawa iliyokwenda kwingine ndiyo inayomtetemesha mikono na kumwendesha moyo mbio. Tena mpulizo hufungua kifua ndani ya dakika chache, wakati kidonge huchukua kama nusu saa. Aliyebanwa hana nusu saa.

Kinachoipeleka dawa ya pampu mapafuni ni ukubwa wa chembe zake. Zenye mikroni 1 hadi 5 ndizo zinazofika kwenye vijia vyembamba vya hewa. Zilizozidi hapo hugonga koo na kumezwa, na zilizo ndogo mno hutoka tena na pumzi. Mpulizo hutoka kwa kasi, kwa hiyo hata mtumiaji mzoefu hupoteza sehemu kubwa kooni. Suluhisho ni chupa ya kupunguza kasi, na inatengenezwa nyumbani.

Tafuta chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita. Ioshe kwa sabuni ya vyombo, uiache ikauke yenyewe. Ukiisugua kwa kitambaa, plastiki hupata chaji ya umeme inayozivuta chembe zigande ubavuni. Chora umbo la mdomo wa pampu kwenye kitako cha chupa, toboa tundu dogo kidogo kuliko mchoro ili pampu ibane, kisha ziba pembeni kwa selotepu. Mama akae wima, atikise pampu, aichomeke kwenye tundu na kufumba midomo vizuri kwenye shingo ya chupa. Abonyeze mara moja, kisha avute na kutoa pumzi taratibu mara tano. Kama ameandikiwa mpulizo wa pili, asubiri nusu dakika, atikise tena. Wengi hubonyeza mara mbili kwa mkupuo ili wawahi. Chembe zinagongana, zinashikana na kutua ndani ya chupa.

Acheni pia ule mtindo wa kuelesha mkebe kwenye maji kuangalia kama dawa imebaki, haupimi chochote cha maana. Hesabuni mipulizo, mikebe mingi ina 200. Mama akiihitaji pampu hii zaidi ya mara mbili kwa wiki, arudi kliniki kwa ajili ya dawa ya kuvuta ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa. Akifika kushindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Baba ni mzee, hawezi kumeza kapsuli ya omeprazoli. Ninamsagia punje zake kwenye uji, lakini kiungulia hakipoi. – Msomaji, Muheza

Pole. Kusaga ndiko kunakoiua dawa. Omeprazoli huharibiwa na asidi ya tumbo, kwa hiyo kila punje imevikwa ganda linalovumilia asidi na kuyeyuka ikishafika kwenye utumbo mwembamba, ambako asidi imepungua. Kutoka hapo damu huibeba hadi kwenye seli zinazotengeneza asidi, na huko ndiko inakoamka na kuzifunga pampu zake, yaani protini zinazomwaga asidi tumboni. Hata usiposaga, uji wa moto usio mchachu utaliyeyusha ganda kabla baba hajameza. Maziwa hayafai pia.

Fungua kapsuli, mimina punje nzima kwenye kijiko cha mtindi au juisi kidogo ya chungwa (huko kwenu hayakosekani), ameze mara moja bila kutafuna, kisha anywe maji. Iwe nusu saa kabla ya chakula, kwa kuwa pampu hizo huamka mtu anapokula.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, Pangani. Je, inawezekana kutengeneza dawa inayoingia kwenye ini pekee? Na ubongo?

Ini limekwisha kufikiwa. Seli zake zina vipokezi vingi vinavyonasa sukari moja ya jamii ya galaktosi, iitwayo GalNAc. Tawi moja la sukari hiyo hushika kwa ulegevu, matatu kwa pamoja hushika barabara, kwa hiyo watengenezaji huiunganisha dawa na matawi matatu. Inklisirani, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2020 na Marekani 2021, ni ya namna hiyo: sindano ya miligramu 284 chini ya ngozi, ya pili baada ya miezi 3, kisha kila miezi 6, kupunguza kolesteroli mbaya. Shida iko ndani ya seli. Seli huimeza dawa ikiwa kwenye kifuko, na inakadiriwa isiyofika asilimia 1 ndiyo hutoka kifukoni ikafanye kazi. Bahati nzuri, iliyobaki huvuja polepole, ndiyo maana sindano moja hudumu miezi.

Ubongo ni mgumu zaidi. Seli za kuta za mishipa yake zimebanana, na zina pampu za protini zinazorudisha wageni kwenye damu. Piriton, dawa ya mzio, hupenya, ndiyo maana inaleta usingizi, loratadini, nayo ya mzio, hurudishwa. Mwendesha bodaboda mwenye mafua ya mzio amwombe mfamasia loratadini ya miligramu 10, mara moja kwa siku, badala ya Piriton.