Kabla ya kuchagua polima ya perovskaiti, uliza inayeyuka katika nini

Wanaoanza kazi ya nanofuwele za perovskaiti mseto (fuwele ndogo mno zinazong'aa, zenye risasi na sehemu ya kikaboni) hupenda kuniuliza polima ipi ni bora ya kuzifunika na kuzilinda. Mimi huanza na swali lingine: utaiyeyusha katika kiyeyushi gani? Fuwele hizi ni chumvi. MAPbBr3 (bromidi ya risasi na methilamonia), ile inayong'aa kijani, huyeyuka katika viyeyushi kama DMF au DMSO bila ubishi. Ukizimiminia polima iliyoyeyushwa katika DMF, mng'ao unazimika ukiwa umeshika chupa mkononi.

Kama fuwele tayari zimeshaundwa, kaa na toluini, ambayo haizidhuru na inayeyusha polima kama PMMA (plastiki ya akriliki) na polistairini. Kama unataka PVDF, polima isiyoyeyuka katika toluini, geuza utaratibu: yeyusha chumvi na polima pamoja katika DMF, tandaza, kisha kausha ili fuwele zizaliwe humohumo ndani ya utando. Kwa filamu, njia hii ndiyo ninayoipenda. Haihitaji kusafisha fuwele, na kusafisha huondoa asidi ya oleiki na oleilamini, molekuli zinazofunika uso wa fuwele, ambazo tangu mwanzo zimejishikiza kwa ulegevu tu.

Sasa PMMA au polistairini? Oksijeni ya kabonili kwenye PMMA hushika ioni za risasi zilizobaki wazi juu ya fuwele, kwa hiyo huziba kasoro zinazoua mwanga. Lakini PMMA hunyonya maji, hadi karibu asilimia 2 ya uzito wake. Polistairini hainyonyi hata asilimia 0.1, ila haina cha kushikia risasi, na oksijeni hupenya humo kwa urahisi. PVP (polivinilpirolidoni) hushika risasi vizuri sana, tatizo inapenda maji kupita kiasi; mimi ningeiweka ndani tu, kisha juu yake tabaka lisilopenda maji.

Usidanganywe na picha ya filamu inayong'aa ndani ya bika la maji. Jaribu unyevu gizani, mwanga pakavu, na joto pakavu, kila kimoja peke yake, la sivyo hutajua kilichoua sampuli. Joto ndilo gumu zaidi: methilamonia, ile sehemu ya kikaboni ya fuwele, huvunjika na kutoka kama gesi, na PMMA yenyewe hulainika karibu na nyuzi 105 za Selsiasi. Hapo ningebadilisha fuwele, niweke sesiamu badala ya methilamonia, kabla ya kuhangaika na polima nyingine.

Na maji uliyochovyea filamu usiyamwage kwenye sinki. Yakusanye pamoja na taka za risasi.