Uanze na Laravel au HTTP kwanza?
Mdogo wangu unayeuliza kama urukie Laravel, ile fremuweki ya PHP ya kutengenezea tovuti, kabla semista haijaanza hapo UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), tulia kwanza. Jua HTTP, yaani utaratibu wa brauza na seva kuongea, jua GET (kuomba kitu) na POST (kutuma data) zinafanya nini, 404 ni kitu hakipo ila 500 seva yenyewe imezingua, bonyeza F12 kwenye brauza uone rikwesti zinavyopita, slaidi hazikuonyeshi hiyo. Mambo ya web service, yaani mfumo mmoja kuongea na mwingine kwenye mtandao, watu wanayaogopa bure tu, we cheki kontro namba ya ada, mfumo wa chuo hauitengenezi wenyewe, unaiomba GePG, mfumo wa malipo wa serikali, ukishalipa kwa simu au benki taarifa inarudi chuoni, kila mfumo unaweza kuandikwa kwa lugha yake ilimradi wamekubaliana meseji ikaeje. Laravel baadaye, na mavitu mazito daunlodi kwa bando la usiku.